Kiyoyozi cha gari kuukuu: Kubadili kompresa si kufunga bolti tu

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

MKAZI wa Kata ya Ihembe, wilayani Karagwe, anayemiliki gari la miaka ya 1970 au 1980 anaweza kudhani kuwa kiyoyozi ni mapambo ya watu wa Dar es Salaam. Katika nyanda hizi za Mkoa wa Kagera, ubaridi wa asubuhi humfanya dereva atafute koti kabla ya kutafuta swichi ya AC.

Hata hivyo, ubaridi huo huo ndio unaochangia kuiua kompresa ya gari lake kimyakimya. Siku ya safari ndefu ya kwenda Mwanza, Shinyanga au Dodoma inapowadia, swichi hubonyezwa, na kinachotoka ni hewa ya moto au mlio wa chuma kinachosaga chuma kingine.

Hapo ndipo mwenye gari huambiwa maneno mawili tu: badilisha kompresa. Ni maneno mafupi yenye gharama ndefu, kwa kuwa kompresa mpya ikifungwa kwenye mfumo mchafu au ikijazwa gesi isiyooana na mafuta yaliyomo, inaweza kufa ndani ya wiki chache. Mwenye gari hujikuta ananunua spea ile ile mara mbili, kwa fedha ambayo pengine ilitengwa kwa ada ya shule au mbolea ya kahawa.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo inavyopaswa kufanyika, kwa nini magari ya zamani yana masharti yake, na kwa nini fundi aliye kwenye milima ya Karagwe hapaswi kuzisoma geji zake kama anavyozisoma mwenzake wa Pwani.

Kompresa na wenzake

Kiyoyozi cha gari hakitengenezi baridi. Kinachofanya ni kuhamisha joto kutoka ndani ya gari na kulitupa nje, kwa kutumia gesi inayozungushwa ndani ya mabomba yaliyofungwa.

Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huishindilia gesi hiyo hadi ikawa na mgandamizo mkubwa na joto kali. Gesi hupita kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, ambako upepo huipoza ikageuka kuwa kimiminika. Kimiminika hicho hupita kwenye draya, ambalo ni kopo dogo lenye chembe za kunyonya unyevu na kuchuja uchafu.

Kutoka hapo hufika kwenye vali ya kutanulia, tundu dogo linaloishusha nguvu yake ghafla. Kimiminika huanza kuchemka ndani ya evaporeta iliyojificha nyuma ya dashibodi, na katika kuchemka huko hunyonya joto la hewa inayopulizwa na feni. Kisha gesi hurudi kwenye kompresa na safari huanza upya.

Jambo moja husahaulika mara nyingi. Katika aina nyingi za kompresa, mafuta ya kulainisha hayakai mahali pamoja kama yalivyo mafuta ya injini. Husafiri pamoja na gesi mfumo mzima, na yasiporudi, kompresa husagika ikiwa kavu.

Gari la kwanza kuuzwa likiwa na kiyoyozi cha kiwandani lilikuwa Packard la Marekani, toleo la mwaka 1940. Kompresa yake haikuwa na klachi, hivyo aliyetaka kuzima kiyoyozi ilimbidi afungue boneti na kuuvua mkanda. Magari yaliyofuata yaliwekewa klachi ya sumaku ya umeme, ile inayotoa mlio mfupi wa "tak" swichi inapobonyezwa.

Kwa nini kompresa hufa Karagwe

Shafti ya kompresa hutokeza nje ili ishikane na puli ya mkanda. Mahali inapotokea kuna sili inayozuia gesi isivuje, na sili hiyo hubaki laini kwa sababu ya mafuta yanayozunguka.

Gari likikaa miezi bila kiyoyozi kuwashwa, jambo la kawaida mahali penye hali ya hewa ya ubaridi, mafuta hushuka chini na sili hukauka. Gesi huanza kupotea kidogo kidogo, bila harufu wala sauti.

Gesi inapokwisha, hewa yenye unyevu huweza kuingia. Unyevu ukikutana na mabaki ya gesi na mafuta huzaa tindikali inayokula metali kutoka ndani. Chembe za draya hushiba maji, na vipande vidogo vya chuma na alumini kutoka kwenye kompresa inayosagika husambaa hadi kwenye kondensa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye gari anayejaza gesi kila baada ya miezi mitatu bila kutafuta panapovuja anaugharamia ufa, na mwisho wake huujenga ukuta kwa kununua kompresa.

Si kila kompresa iliyonyamaza imekufa. Klachi isiposhika, chanzo kinaweza kuwa fyuzi, waya uliokatika, au swichi ya mgandamizo inayozuia kompresa isifanye kazi pale gesi inapopungua. Fundi mwangalifu huanza kwa kupima umeme unaofika kwenye klachi, kisha huizungusha shafti kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Ikizunguka kwa ulaini na uzito unaolingana, kuna uwezekano kompresa ni nzima. Ikikwama, au ikikwaruza, hukumu yake imefika.

Gesi iliyopitwa na wakati

Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya katikati ya 1990 yalitoka kiwandani yakitumia gesi iitwayo R-12, iliyojulikana zaidi kwa jina la biashara la Freon. Gesi za ukoo huo zilibuniwa mwaka 1928 na timu ya mwanakemia Mmarekani Thomas Midgley, ili zichukue nafasi ya amonia na gesi nyingine za sumu zilizotumika kwenye majokofu.

Haikuwaka wala haikudhuru pumzi kwa matumizi ya kawaida, na ikaonekana kuwa mkombozi. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kuwa gesi hizo hupanda hadi angani na kutoa klorini inayomong'onyoa tabaka la ozoni, ambalo huukinga uso wa dunia dhidi ya mionzi hatari ya jua. Mwaka 1995 wawili hao, pamoja na Paul Crutzen, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Itifaki ya Montreal ilitiwa saini Septemba 16, 1987, na Tanzania iliiridhia mwaka 1993. Nchi zilizoendelea ziliacha kuzalisha R-12 kwa matumizi ya kawaida kufikia mwaka 1996, na nchi zinazoendelea kufikia Januari 1, 2010.

Hivyo basi, mwenye Peugeot 504, Mercedes-Benz za familia ya W123 zilizozinduliwa mwaka 1976, au Land Cruiser za miaka ya 1980, ana gari lililoundwa kwa ajili ya gesi isiyozalishwa tena kwa ajili yake. Kinachobaki kihalali ni R-12 ya zamani iliyovunwa na kusafishwa, ambayo ni adimu, au kuugeuza mfumo utumie R-134a, gesi isiyo na klorini iliyoshika nafasi yake.

Njia rahisi ya kujua mfumo unatumia gesi ipi ni kutazama vichwa vya kujazia. Vya R-12 vina nyuzi za kufungia kwa kuzungusha, mfano wa zile za valvu ya tairi. Vya R-134a havina nyuzi hizo kwa nje, vinashikwa kwa kubana, na vya upande wa nguvu ndogo na kubwa vimepishana unene ili visichanganywe. Aidha, kibandiko chini ya boneti, kama bado kipo, hutaja aina ya gesi na uzito wake.

Kuchagua kompresa

Magari ya zamani hayakuwa na kompresa ya aina moja. Baadhi ya magari ya Marekani na Ulaya yalifungwa York, yenye pistoni mbili zilizosimama na bakuli lake la mafuta. Ni ngumu na hustahimili, lakini ni nzito na hutikisa injini. Nyingine zilikuwa za General Motors, ikiwamo R4 ya mviringo iliyofungwa pia kwenye baadhi ya W123, ambayo inafahamika kwa kuvuja. Toyota kwa kiasi kikubwa ilitumia zile za Nippondenso, kampuni iitwayo Denso tangu mwaka 1996.

Kwa mwenye gari anayekosa spea ya asili, njia iliyozoeleka duniani ni kufunga kompresa ya Sanden yenye pistoni tano, au nyingine ya muundo huo. Kampuni hiyo ya Japani iliitwa Sankyo hadi mwaka 1982. Kompresa yake ya SD508 ilitengenezwa enzi za R-12, na mrithi wake wa R-134a ni SD5H14. Zote zina ujazo wa sentimita za ujazo 138 kwa mzunguko.

Kabla ya kununua, mambo manne ni ya lazima kuhakikiwa. La kwanza ni volti. Baadhi ya magari ya dizeli, zikiwamo Land Cruiser kadhaa za miaka ya 1980, hutumia umeme wa volti 24, na klachi ya volti 12 ikiunganishwa humo huungua.

La pili ni puli, kwa maana ya idadi ya mifereji, upana wa mkanda na kipenyo. La tatu ni vichwa vya mabomba, kwani kompresa mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na vichwa vinavyotazama juu au nyuma, na mabomba ya zamani yasizifikie.

La nne ni kishikizo kinachoishikilia kompresa kwenye injini. Kishikizo kilichochomelewa kienyeji kikawa kimepinda kwa milimita chache tu hula mkanda na kuua beringi. Fundi huweka rula ndefu iliyonyooka juu ya puli zote ili kuhakikisha zimekaa kwenye mstari mmoja kabla ya kukaza bolti ya mwisho.

Kazi yenyewe hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kuivuna gesi iliyobaki kwa mashine na kuihifadhi kwenye mtungi. Kufungua bomba na kuiachia gesi ipae ni kosa kimazingira, na pia ni hatari kwa fundi, kwa kuwa kimiminika kinachochuruzika hugandisha ngozi na kinaweza kupofusha jicho. Miwani na glovu ni vya lazima. Aidha, gesi ya R-12 ikigusana na moto wa kuchomelea hutoa moshi wa sumu, hivyo kuchomelea karibu na mfumo unaovuja ni kucheza na pumzi.

Mabomba yakishafunguliwa, kila tundu huzibwa mara moja ili vumbi jekundu la Karagwe na unyevu visiingie.

Kompresa ya zamani hutolewa, na mafuta yaliyomo humwagwa kwenye chombo cha kupimia. Mafuta hayo ni shahidi. Yakiwa masafi, huenda tatizo lilikuwa sili au klachi peke yake. Yakiwa meusi na yenye kumetameta kwa vumbi la metali, mfumo mzima umechafuka.

Hapo inafuata hatua ambayo hurukwa mara nyingi kwa haraka ya kumaliza kazi, nayo ni kusafisha. Dawa maalumu ya kusafishia hupitishwa kwenye mabomba na evaporeta, kisha hukaushwa kwa kupuliza naitrojeni kavu hadi isibaki. Vali ya kutanulia huondolewa kwanza. Kompresa na draya havisafishwi kwa njia hiyo kamwe.

Kondensa ya zamani ya bomba moja lililopindapinda huweza kusafishika. Lakini kwa mfumo unaogeuzwa kwenda R-134a, kuna faida ya kufunga kondensa ya kisasa yenye njia nyingi nyembamba, kwa sababu gesi hiyo huhitaji mgandamizo mkubwa zaidi ili itupe joto. Joto la ndani ya kondensa likifika nyuzi 60 za Selsiasi, mgandamizo wa R-134a huwa takriban asilimia 10 juu ya ule wa R-12.

Draya hubadilishwa kila mara, bila mjadala. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko kompresa, na kukirudisha cha zamani ni kama kumlaza mgonjwa aliyetoka kuogeshwa kwenye shuka chafu. Oringi zote za mpira zilizoguswa nazo hubadilishwa, na mpya hupakwa mafuta ya kompresa kabla ya kufungwa.

Yanafuata mafuta. R-12 ilisafiri na mafuta ya madini, ambayo R-134a haiwezi kuyabeba ipasavyo. Mfumo ukijazwa R-134a huku ukiwa na mafuta ya madini pekee, mafuta hutuama kwenye evaporeta na kompresa hufa kwa ukavu. Kwa hiyo hutumika mafuta ya sanisia, ya aina ya PAG au ya esta. Kwa mfumo uliogeuzwa, wengi huchagua ya esta kwa kuwa huvumilia zaidi mabaki ya mafuta ya zamani, ila maelekezo ya mtengenezaji wa kompresa ndiyo ya mwisho.

Mafuta ya PAG hunyonya unyevu wa hewani kwa kasi. Kopo lililofunguliwa na kuachwa wazi rafuni kwa miezi halifai tena.

Kiasi cha mafuta hupimwa, hakikisiwi. Yakiwa machache kompresa husagika, na yakiwa mengi huchukua nafasi ya gesi na kupunguza ubaridi. Kompresa mpya nyingi huja zikiwa na mafuta ndani, hivyo fundi huyapima kabla ya kuongeza. Kisha huizungusha shafti kwa mkono zaidi ya mara 10 ili kuyasambaza, kwa kuwa kompresa ikiwashwa huku mafuta yamejaa kwenye silinda inaweza kuvunja vali zake siku hiyo hiyo.

Kabla ya gesi kuingizwa, mfumo hujaribiwa kwa naitrojeni kavu na povu la sabuni kwenye kila kiungo. Tahadhari hapa ni kubwa. Mtungi wa oksijeni ya kuchomelea, ambao gereji nyingi unao, usitumike kamwe, kwa kuwa oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta inaweza kulipuka. Upepo wa mashine ya tairi nao haufai, kwani umejaa unyevu.

Milima inavyoidanganya geji

Baada ya jaribio hilo, pampu huunganishwa ili kunyonya hewa na unyevu wote na kubakiza ombwe. Hapa ndipo Karagwe inapotofautiana na Dar es Salaam.

Lengo la kunyonya ni kushusha mgandamizo hadi maji yachemke yenyewe kwa joto la kawaida na kutoka yakiwa mvuke. Vitabu vingi vya ufundi vimeandikwa kwa ajili ya usawa wa bahari, na vinamtaka fundi aione sindano ikifika karibu na inchi 29 za zebaki.

Lakini geji hiyo hupima tofauti kati ya mgandamizo wa ndani na wa hewa ya nje. Kadiri mtu anavyopanda mlima, hewa ya nje hupungua uzito. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, ambao ni wa kawaida katika nyanda za Karagwe, ombwe kamili lingesomeka takriban inchi 25 tu. Bukoba, kando ya Ziwa Victoria, lingesomeka takriban 26.

Fundi asiyelijua hilo huingia kwenye moja ya mitego miwili. Anaweza kudhani pampu ni mbovu au mfumo unavuja, akafungua upya kazi iliyokuwa sahihi. Au anaweza kuzoea kuona namba ndogo, akaridhika na inchi 23.

Hesabu inaonyesha madhara yake. Kwenye mwinuko huo, inchi 23 maana yake ni kwamba bado kuna mgandamizo ambao maji huchemka kwa takriban nyuzi 38 za Selsiasi. Asubuhi ya Ihembe haifiki huko, na unyevu hubaki ndani ukingoja kuzaa tindikali.

Dawa ni geji ya maikroni, inayopima mgandamizo wenyewe bila kujali mwinuko, na ambayo husomeka sawasawa Ihembe na Kariakoo. Asiyekuwa nayo huweza kuiwasha injini kwanza ili joto la chini ya boneti lisaidie, kisha akaiendesha pampu kwa dakika 45 au zaidi. Baadaye hufunga valvu za geji na kuiangalia sindano kwa dakika 20 hadi 30. Ikirudi nyuma, kuna panapovuja au unyevu umebaki. Umeme ukikatika katikati, valvu hufungwa haraka ili mafuta ya pampu yasivutwe kuingia kwenye mfumo.

Kujaza kwa mizani

Gesi hupimwa kwa uzito. Mgandamizo wa mfumo uliotulia huonyesha tu kwamba kuna kimiminika ndani. Hauonyeshi ni gramu ngapi. Mtungi uliojaa na ule unaokaribia kwisha husoma namba moja kwa joto moja.

Kwa mfumo uliogeuzwa kutoka R-12, kanuni ya kuanzia ni asilimia 80 hadi 90 ya uzito ulioandikwa na kiwanda. Kwa mfano, gari lililojazwa kilo moja ya R-12 huanza na gramu 800 hadi 900 za R-134a. Kuzidisha kwa imani kwamba gesi nyingi ni baridi nyingi huongeza mgandamizo na kuichosha kompresa mpya.

Baada ya hapo vichwa vya kujazia hufungwa adapta za R-134a, na kibandiko kipya kubandikwa kikitaja gesi, uzito wake, aina ya mafuta na tarehe. Karatasi hiyo ndogo ndiyo itakayomwokoa fundi wa kesho asichanganye gesi mbili.

Mtego wa mtungi wa bei poa

Kwa kuwa gesi halali ina bei, wapo wanaoshawishika kutumia gesi ya kupikia. Ni kweli kwamba propeni na jamaa zake hupoza vizuri, na hutumika kwenye majokofu yaliyoundwa kwa ajili yake. Lakini evaporeta ya gari imo ndani ya chumba cha abiria. Propeni ikifika takriban asilimia 2 ya hewa huweza kuwaka, na cheche ya swichi au njiti ya sigara yatosha.

Mitungi bandia ni hatari nyingine. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya melini yalilipuka na kuua mafundi nchini Vietnam na Brazil. Uchunguzi ulibaini kuwa gesi iliyouzwa kama R-134a ilikuwa na kloromethani, ambayo ikikutana na alumini huzaa kemikali inayowaka yenyewe inapogusa hewa. Mtungi usio na nembo iliyo wazi, namba ya kundi au risiti ni mtungi wa kukataliwa.

Macho ya Kigali

Suala hili halikuishia kwenye ozoni. Oktoba 15, 2016, mjini Kigali, ng'ambo ya Mto Kagera unaoitenganisha Karagwe na Rwanda, mataifa yalikubaliana kuirekebisha Itifaki ya Montreal ili gesi za ukoo wa R-134a nazo zipunguzwe. Haziharibu ozoni, lakini huongeza joto la dunia. Kilo moja ya R-134a ina nguvu ya kupasha joto, kwa kipindi cha miaka 100, inayokaribia ya kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi. R-12 ilikuwa mbaya zaidi, kwa takriban kilo 10,900.

Chini ya Marekebisho hayo ya Kigali, kundi la nchi zinazoendelea ambamo Tanzania imo lilipangiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, kupunguza asilimia 10 mwaka 2029, na kufikia punguzo la asilimia 80 mwaka 2045. Mwenye gari la zamani hatanyang'anywa R-134a kesho, lakini ana sababu ya kutarajia kwamba kila gramu itazidi kuwa ghali.

Kwa upande wa sheria za nchi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilifuatiwa na kanuni za mwaka 2007 za kudhibiti kemikali zinazomong'onyoa tabaka la ozoni. Ripoti ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Januari 2023 ilisema juhudi za dunia zinazaa matunda, na kwamba sera zikiendelea, ozoni katika sehemu kubwa ya dunia itarudi hali ya mwaka 1980 ifikapo takriban mwaka 2040.

Dakika 10 kwa wiki

Kazi ikikamilika, kinachobaki ni juu ya dereva. Kiyoyozi kiwashwe walau dakika 10 kila wiki, hata kama nje kuna ukungu na ubaridi, ili mafuta yazunguke na sili ibaki laini.

Kufanya hivyo si kupoteza mafuta ya gari. Kiyoyozi hukausha hewa, na asubuhi za mvua, kioo cha mbele kinapofunikwa na mvuke wa pumzi za abiria, AC ikiwashwa pamoja na hita huking'arisha kioo haraka kuliko kitambaa. Kwenye barabara zenye kona na miteremko kama za Karagwe, kuona mbele ni suala la uhai.

Mkanda ukaguliwe, nafasi za kondensa zioshwe vumbi na majani kwa maji yasiyo ya kasi kubwa, na mlio wowote mgeni usikilizwe mapema. Mwenye gari anayempelekea fundi kazi hii ana haki ya kuuliza maswali matano kabla ya kulipa: mfumo umesafishwa, draya ni jipya, mafuta ni ya aina gani, ombwe limekaa dakika ngapi, na gesi iliyoingia ina gramu ngapi.

Fundi aliyefanya kazi yake atayajibu yote matano bila kusita. Anayekosa jibu la hata moja huenda amefunga bolti tu, na mwenye gari ajiandae kununua kompresa nyingine.